Uzoefu wangu na LearnEnglish ya British Council kwa wanaosumbuliwa na although, despite na however

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa wale wanaojiandaa na IELTS (ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza), au wanaoandika sana Kiingereza kazini, halafu wakifika kwenye although, despite, however na wenzake ndo wanakwama. Mimi nimetumia LearnEnglish, tovuti ya kujifunza Kiingereza ya British Council, ni bure, unaingia kwa simu yako tu unaenda sehemu ya grama unachagua levo, na somo lenyewe la haya maneno liko B1-B2, yaani levo ya kati.

Kabla ya hapo nilishalipia kozi moja ya mtandaoni, jina sitaji, pale tulimwagiwa orodha ndefu ya maneno tukariri na pembeni ya kila neno imeandikwa "ingawa" au "hata hivyo", basi imeisha. Sasa jamani maana haijawahi kuwa shida, aliyemaliza form four anajua although ni ingawa. Kinachotuangusha ni kujua kila neno linataka kifuate nini, na hili somo linaanzia hapo hapo ndo maana nalisifia. Although na even though zinataka sentensi kamili yenye sabjekti na kitenzi chake, "Although it was raining, we went to the market". Despite na in spite of hazitaki hivyo, zenyewe zinataka nomino au kitenzi chenye -ing, "Despite the rain" au "Despite feeling tired", na ukitaka lazima uweke sentensi kamili inabidi utangulize the fact that. Na ile of ni ya in spite peke yake, despite haina of kabisa, tafadhali sana, maana "despite of" naikuta hadi kwenye barua za maofisini zenye muhuri.

Kingine kizuri ni zoezi linakuja kabla ya maelezo, unajipima, unasoma, alafu mwisho kuna zoezi la pili, so unajiona mwenyewe kama kimeingia au bado.

Ila maelezo yote ni ya Kiingereza na yameandikwa kwa ajili ya dunia nzima, kwa hiyo kuna jambo letu sisi waswahili hutalikuta pale. Kwetu mtu anasema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda sokoni" na hakuna anayeshtuka, ila Kiingereza hakitaki although huku na but kule kwenye sentensi hiyo hiyo, unachagua moja. Yaani mwalimu wa huku kwetu angeanza na hili siku ya kwanza kabisa kabla hata ya despite.

However nayo mwende nayo taratibu, watu wanaitumia kama but yenye suti. But inaunganisha sentensi mbili kwa mkato tu, however haiwezi, unaweka nukta kwanza unaanza upya, "The house is small. However, the rent is fair", au kama unaiweza nukta mkato iweke. Ukitaka kuongea kawaida na mtu tumia though mwishoni, "It's expensive. I like it, though", wazungu wanaongea hivyo kutwa ila kwenye insha ya mtihani usiipeleke.

Kwa watu wa IELTS, Task 2, yaani ile insha ya sehemu ya kuandika, ni maneno yasiyopungua 250 na dakika zinazoshauriwa ni 40, na mtiririko wa hoja ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kutoa maksi. Sasa kuna watu wamedanganywa kwamba kila aya ianze na neno zito la kuunganisha, hapana, ukisoma vigezo vyenyewe vya band 6 (alama 6 kati ya 9) wanasema wazi kwamba uunganishaji unaweza kuwa na kasoro au kuwa wa kimashine, kwa hiyo kurundika moreover na nevertheless hakukupandishi. Bora although mbili zilizokaa sawasawa.

Bando halili sana kwa sababu ni maandishi tupu. Kama Kiingereza chako bado kichanga anza na A1-A2, levo za mwanzo, pale pale usirukie hili. Na mwenye kuchanganya whereas na while aulize tu hapo chini, hizo nimeziandika kwenye daftari na mifano yake nitawapigia picha.