TAHADHARI: Printa ya lebo "isiyotumia wino" imenivurugia kitalu cha parachichi

Ndugu zangu wenye vitalu, hasa mnaouza parachichi, maembe na machungwa ya kubebesha (kipande cha aina nzuri kinaungwa kwenye shina la mche mwingine), kuna printa ndogo ya lebo inazungushwa sana Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi imeshaniumiza. Sitaki iwafikie na ninyi.

Kitalu changu kipo Njombe. Novemba nilibebesha miche 640 ya parachichi aina ya Hass na Fuerte. Siku zote nilikuwa naandika majina kwa maka peni, nikachoka kuyarudia kila yanapofifia. Nikakutana na tangazo: mtu anaimwagia lebo maji ya bomba, anaisugua kwa sabuni, herufi ziko palepale. Chini kaandika, "Haitumii wino, haiingii maji, miaka 5 shambani." Nikatuma 185,000 kwa simu. Mzigo ulikuja na basi siku ya tatu, bila risiti.

Lebo zilitoka safi kabisa, na miche ilipokuwa chini ya neti ya kivuli sikuona tatizo. Januari nikaanza kuitoa juani ikomae. Kufikia katikati ya Februari herufi zilikuwa kijivu, zikaja kuwa manjano hafifu, halafu zikapotea. Nilichomoa lebo moja kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa mche), nikaigeuzageuza kwenye mwanga nikitafuta angalau mguu wa H. Hakuna kitu. Karatasi nyeupe, gundi yake bado imeshika vizuri.

Kwa asiyelima parachichi hili linaweza kuonekana dogo. Hass ndiyo inayotafutwa na wanunuzi wa nje. Fuerte wengi wanapanda michache katikati ya Hass kusaidia uchavushaji, kwa sababu ua la Hass hufunguka likiwa jike asubuhi, la Fuerte mchana, hivyo la mmoja likiwa jike la mwingine linakuwa dume. Miche ikiwa midogo inafanana mno. Mkulima akilipia Hass akapewa Fuerte, atakuja kujua baada ya miaka kama mitatu, akiona tunda laini linaiva likiwa la kijani badala ya kugeuka jeusi. Nilipita kwenye matuta nikifikicha majani, maana la Fuerte lina harufu ya mbali kama shamari. Kwa njia hiyo nimetenganisha mingi, ila 214 sina uhakika nayo.

Utapeli wenyewe uko hivi. Hiyo printa haina wino kweli, kwa sababu inachoma karatasi yenyewe kwa joto, nayo inageuka nyeusi. Ni karatasi ya jamii moja na risiti za EFD (zile za mashine za kodi madukani), na kila mmoja wetu anajua risiti ya EFD ikikaa juani inavyokuwa. Nyingine zimewekwa utando wa plastiki juu, ndiyo maana ile video ya maji ni ya kweli. Wanakuonyesha maji, jua hawakuonyeshi. Picha ya tangazo ilikuwa ya mashine ya kaseti, yaani inayochapa kwenye tepu iliyo ndani ya kasha. Mimi nilitumiwa nyingine inayofanana nayo kwa umbo, haina hata sehemu ya kuweka kaseti.

Nilipolalamika akawa mpole sana. Akasema niongeze 60,000 anitumie "toleo la shambani". Nikatuma, naye akanifungia siku hiyohiyo. Jina la akaunti siliweki hapa, na hata hivyo kesho litakuwa lingine. Namba yake nimeiripoti 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kabla hujalipa, mwambie akupigie simu ya video, akwangue lebo kwa ukucha kwa nguvu, kisha aisogeze kwenye kikombe cha chai ya moto. Ikitoka mstari mweusi au ikafanya weusi, achana naye. Unayotaka ni mashine inayochapa kwa riboni (utepe wenye wino) kwenye lebo ya plastiki, au ya kaseti yenye tepu ya tabaka mbili, maandishi yakiwa chini ya tabaka la juu lililo wazi. Hata hapo uwe macho, kaseti feki zipo nyingi: chapa neno moja, lisugue kwa pamba yenye spiriti. Likitoka, halina tabaka la juu. Na lipa ukiwa umeushika mzigo mkononi, ukiwa na risiti.

Kwa sasa nakata makopo ya soda vipande vya upana wa vidole viwili, naviweka juu ya gazeti lililokunjwa na kuandika kwa kukandamiza kalamu ya Bic iliyoisha wino. Jina linazama kwenye bati. Natoboa tundu, nafunga kwa waya mwembamba, nauacha ulegee usije ukakaba shina likinenepa. Jua halina cha kufuta hapo.

Ile miche 214 nimeiweka pembeni, siiuzi kama Hass. Na wewe uliyechukua miche kwangu kuanzia Februari mpaka Pasaka, tafadhali nitafute kabla hujaipanda. Njoo nayo tuikague pamoja, na yenye shaka nitakubadilishia bila kukudai hata shilingi.