Mkahawa wa Langoni, Siku ya Habari ya Kifo cha Gaidi

Mkahawa ninaoutathmini uko Langoni, mjini Lamu, kwenye kichochoro kinachotoka Usita wa Mui kuelekea pwani. Hauna kibao wala orodha ya vyakula ukutani, na anayeutafuta huelekezwa kwa kutajiwa mwenyewe. Kahawa yake chungu imekwisha kusifiwa vya kutosha, kwa hiyo sitakaa sana hapo: huchemshwa kwenye dele juu ya makaa, hutiwa tangawizi kwa kiasi kisichoua ladha ya buni, na huletwa pamoja na kashata ya nazi ambayo siku nyingine huwa ngumu kupita kiasi. Mahamri ya asubuhi ni mazuri, ila mbaazi hupungukiwa tui. Ninachotaka kukipima ni kitu kingine, ambacho mgeni hakiulizii lakini mwenyeji anakijua, nacho ni namna mkahawa huu unavyowapokea watu siku inapofika habari kwamba kiongozi fulani wa magaidi ameuawa.

Katika mji mwingine kipimo hicho kingeonekana cha ajabu, lakini Lamu imepakana na Somalia na imeyalipia mambo haya kwa njia nyingi. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetafutwa kwa milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, aliwahi kuishi Siyu, kisiwani Pate, akaoa huko. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, watalii wakakimbia, na vijana wa mashua wakabaki wamekaa gatini bila abiria. Mwezi Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti hii, na katika vijiji vya jirani. Kwa hiyo kifo cha mtu wa namna hiyo kinapotangazwa, hapa hakipokewi kama habari ya ng'ambo. Aliyepoteza kazi ya hoteli ana hesabu yake, aliyepoteza ndugu ana yake, na mzazi ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, asirudi tena, naye ana yake, ambayo aghalabu haisemi kwa sauti.

Habari ya kuuawa kwa Osama bin Laden, kiongozi wa Al-Qaeda, kundi lililofanya milipuko ile ya 1998, ilifika wakati wa chai ya asubuhi, Jumatatu ya tarehe 2 Mei 2011, kwa kuwa Rais Obama alihutubia ikiwa Washington bado ni usiku wa Jumapili. Televisheni iliyo pembeni ilikuwa ikionyesha vijana wakipeperusha bendera mbele ya Ikulu ya Marekani, na ndani ya mkahawa hapakuwa na aliyepiga makofi wala aliyelia. Mzee mmoja alisema kwamba waliokufa Nairobi walizidi mia mbili, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa wamekwenda kazini, na kwamba damu yao haikuwa maji. Rais Kibaki naye, katika taarifa yake, alikiita kifo hicho haki kwa Wakenya waliouawa na waliojeruhiwa. Mwalimu aliyekaa naye akauliza kwa nini bin Laden hakukamatwa akafikishwa mahakamani, ili walioumia wamsikie akijibu. Hawakukubaliana, na kila mmoja alimlipia mwenzake finjani ya pili.

Lililowashughulisha watu zaidi kuliko kuuawa kwake ni kuzikwa kwake baharini. Mji huu umezaa mabaharia kwa karne nyingi, na hukumu ya maiti aliyefia jahazini si suala la vitabuni tu kwa watu wake: huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa, kisha hushushwa majini ikiwa tu nchi kavu iko mbali na inahofiwa kwamba ataharibika. Wamarekani walisema kwamba waliyafanya hayo yote juu ya manowari USS Carl Vinson kabla ya kumshusha katika Bahari ya Uarabuni, ilhali Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alipinga, akisema kwamba jambo hilo ni kinyume cha maadili ya dini na ya kibinadamu. Nahodha mmoja mstaafu alilichambua jambo hilo kuanzia dele la kwanza hadi la tatu, na nilistaajabu kuona kwamba waliomtetea maiti kwa ukali zaidi ni wale wale waliokuwa wamemlaani alipokuwa hai, pamoja na mtu aliyewahi kukosa wateja kwa miaka kwa sababu ya hofu iliyopandwa na watu wa bin Laden. Kwao, kumchukia muuaji na kumtakia kaburi vilikuwa vitu viwili ambavyo havikuhitaji kupatanishwa. Mgeni aliyesikia nusu ya mazungumzo yale angeweza kudhani amekaa na wafuasi wake, naye angekuwa amepotea kabisa.

Hapo ndipo huduma ya mkahawa huu inapostahili sifa. Mwenyewe ana kanuni chache ambazo hakuziandika popote: sauti ya televisheni hupunguzwa mara tu habari inapokwisha kusomwa, hakuna kushangilia, hakuna dua ya laana wala ya rehema inayosomwa kwa niaba ya wote, na mtu haulizwi yuko upande gani. Anayetaka kusema «inna lillahi» kwa sababu kila roho ni ya Mungu husema, na anayeona kwamba neno hilo halimstahili muuaji hunyamaza. Mtu akianza kumnyooshea mwenzake kidole, mwenyewe humwendea na dele, humwongezea kahawa asiyoiagiza, na kumwuliza habari za watoto. Sijaona hoteli kubwa yenye mhudumu wa namna hii.

Mwezi Juni wa mwaka huo huo kilikuja kifo cha Fazul, na hali ilikuwa tofauti kabisa. Aliuawa Mogadishu baada ya gari lake kupotea njia na kufika kwenye kizuizi cha askari wa serikali, ambao mwanzoni hawakujua kwamba wamemuua mtu aliyewekewa dau la dola milioni 5. Kisa kama hicho kingetosha kuchangamsha baraza kwa wiki nzima, lakini mkahawa ulikuwa baridi. Wapo waliomkumbuka kwa jina jingine, mtu mpole, na wapo ambao jamaa zao walihojiwa na polisi kwa sababu tu ya kumfahamu. Palikuwa na faraja kwamba ameondoka, na fadhaa kwamba alikula vyakula vyetu, na tahadhari ya kutosema lolote ambalo lingefika kituoni likiwa limebadilika.

Alipouawa Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa Al-Shabaab, kwa shambulio la Marekani la tarehe 1 Septemba 2014, Lamu ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku iliyowekwa baada ya mauaji ya Mpeketoni, na wavuvi wa usiku walikuwa wamezuiwa. Mkahawa ulifungwa mapema, kwa hiyo mazungumzo yalibanwa katika saa chache za alasiri. Hapo nilisikia furaha iliyo wazi kuliko nyakati nyingine, kwani Godane ndiye aliyekuwa ametangaza kuhusika kwa kundi lake na shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la mwaka 2013, lililoua watu 67. Hata hivyo furaha ile ilikuwa na mkato. Mvuvi mmoja aliuliza kama sasa ataruhusiwa kutia nyavu usiku, na hakuna aliyemjibu kwa uhakika. Kundi lilimtangaza Ahmed Umar kuwa kiongozi mpya kabla ya wiki ile kwisha, na mwezi Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Waliosema kwamba akiondoka huyu atakuja mwingine hawakujivunia kwamba walisema kweli.

Kasoro za mkahawa zipo, na kubwa zaidi haihusu kashata. Wanawake hawakai pale. Hununua mahamri mlangoni na kuondoka, kwa hiyo sauti ya mama aliyepotelewa na kijana na ya mjane wa Mpeketoni hazisikiki kwenye baraza linalojiita la mji. Watu wa Mpeketoni wenyewe, hata wanapokuja mjini kwa shughuli za serikali, ni nadra kuingia, na wenye baraza hawajajiuliza vya kutosha kwa nini. Ukimya unaopongezwa pale una sehemu ya adabu na sehemu ya woga, na mwenyewe, kwa jinsi anavyopenda amani, hazitofautishi. Pia televisheni ingefaa kuzimwa kabisa, maana picha zile zile za watu wanaoshangilia huko mbali hurudiwa mpaka zinamfanya mtu aone aibu kwa huzuni yake au kwa furaha yake.

Ayman al-Zawahiri, aliyemrithi bin Laden katika uongozi wa Al-Qaeda, alipouawa Kabul, habari ilitufikia asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Agosti 2022, juma moja kabla ya uchaguzi mkuu. Ilizungumzwa kwa muda wa finjani moja, kisha watu wakarudi kwenye ugavana. Ni mzee mmoja tu aliyebaki nayo, akikumbusha kwamba Wakenya walioumia mwaka 1998 walikuwa wakidai fidia mpaka siku ile, na kwamba hakuna kombora lililowahi kumlipia kipofu wa mlipuko ule gharama za dawa.

Mkahawa hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri, hufungwa adhuhuri, na hufunguliwa tena baada ya alasiri, na bei ya kahawa inamudiwa na mchukuzi na karani sawasawa. Anayetaka kuyasikia mazungumzo ninayoyaeleza aende alasiri, baada ya watu kupata muda wa kufikiri, na asitoe simu kurekodi, kwa sababu nimeona kijana mmoja akirudishiwa fedha zake na kuombwa, kwa upole, akanywe kahawa kwingine.