Wakili wa kodi Mbeya: uzoefu wangu baada ya makadirio ya milioni 48

Nauza mbao Mwanjelwa, mzigo natoa Mafinga. Mwaka jana Mamlaka ya Mapato (TRA) iliniandikia makadirio ya kodi ya shilingi milioni 48 kwa miaka mitatu. Kila hela iliyopita kwenye akaunti yangu ilihesabiwa mauzo, hata mchango wa ndugu wa kumalizia nyumba ya mama kule Tukuyu.

Nilianzia kwa mshauri mmoja wa mahesabu. Akaniambia nitulie, tutaongea nao. Zikapita siku 19. Hilo linaniuma mpaka leo, maana sheria inakupa siku 30 tu za kuweka pingamizi tangu upokee makadirio, nami sikujua. Shemeji ndiye aliyenipeleka kwa wakili huyu, mama mmoja mwenye ofisi pale mjini.

Swali lake la kwanza: "Kaka, umeshaandika au kusaini chochote?"

Mfukoni nilikuwa na barua ya kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandika kwamba "nilificha mauzo kwa kutojua". Namshukuru Mungu sikuwa nimeipeleka. Mama huyu alitetea kesi za jinai za fedha miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kodi, na aliwahi kuona barua kama yangu ikisomwa mahakamani kuwa ushahidi. Kodi ni deni, alisema, deni linazungumzika. Ukiandika "nilificha" umeshajiingiza kwenye jinai. Ikifika kwenye uhujumu uchumi ni balaa, na utakatishaji fedha hauna dhamana kabisa. Akaniambia pia kwamba ninayomweleza yeye yanalindwa na Sheria ya Ushahidi. Niliyomwambia mhasibu hayana kinga hiyo.

Siku nane tulikaa na benki stetimenti, mstari kwa mstari: malipo ya awali ya wateja, mkopo wa vikoba, hela niliyohamisha mwenyewe. Pasipokuwa na karatasi alikataa kunitetea. "Hii ni mauzo, tuikubali." Nilikasirika, lakini naamini ndicho kilichofanya pingamizi letu lisikilizwe.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ili pingamizi lipokelewe, unatakiwa kwanza kulipa kodi usiyoibishia au theluthi moja ya makadirio, kiasi kilicho kikubwa. Kwangu ilikuwa milioni 16. Wakili alimwandikia Kamishna Mkuu wa TRA akieleza sababu zetu, nikaruhusiwa kuanza na milioni 8. Mwisho deni lilishuka hadi milioni 14, nami nililipa. Tungeshindwa, tulishajiandaa kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako husikilizwa hoja za kisheria tu.

Bei yake imesimama: milioni 3.5, nusu mbele, nauli za Dar es Salaam mbali. Siku za kesi hapokei simu, utaongea na karani wake.

Kama unahitaji kujaziwa ritani tu, mhasibu mzuri anatosha. Ila ukiitwa kutoa maelezo, au mafaili yako yakichukuliwa, nenda kwake kabla hujafungua mdomo. Beba stetimenti zote na nakala ya barua ya TRA yenye tarehe uliyosaini kuipokea, maana siku zako ataanza kuzihesabu kutoka hapo.