Mdahalo wa Jioni Kisumu Kuhusu Yesu wa Historia

Mdahalo wa hadhara kuhusu ushahidi wa kihistoria wa Yesu, uliofanyika katika ukumbi mmoja mtaani Milimani, Kisumu, ulistahili kiingilio chake, hasa kwa sababu wazungumzaji walianza na maandishi yenyewe kabla ya kutoa hoja. Kila msikilizaji alipewa karatasi yenye nukuu za Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na za Josephus, Myahudi aliyeandika mnamo miaka ya 90.

Sehemu ya Josephus ndiyo iliyonikuna zaidi. Katika kifungu chake kirefu, kinachomwita Yesu Masihi, yalipigiwa mstari maneno ambayo wataalamu wengi wanaamini yaliongezwa na wanakili Wakristo. Kisha tukasomewa kile kifupi kinachomtaja Yakobo, ndugu yake Yesu, ambacho wengi wao wanakikubali. Mimi ni muumini, na nilishukuru kwamba hakuna aliyeficha jambo hilo.

Mtetezi wa upande wa shaka alisisitiza, kwa heshima, kwamba hakuna andiko lililosalia kutoka siku za uhai wa Yesu. Jibu lenye uzito, yaani Paulo kueleza katika Wagalatia kwamba alionana na Yakobo huyo huyo ana kwa ana, lilipitiwa haraka mno, ilhali salamu za ufunguzi zilikuwa ndefu kupindukia. Vipaza sauti vilikwaruza, kwa hiyo anayekwenda awahi viti vya mbele.