Sabuni isiyosuuzwa: siku 38, gari-nyumba la mita 7 na ndoo 11 za maji

Asubuhi ya siku ya tatu ya safari nilishuka na kikombe mkononi, nikalitazama gari letu usoni, kisha nikarudi ndani kumwamsha mume wangu. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeendesha hadi saa tano, na kila mdudu aliyevutwa na taa zetu alikuwa ameacha roho yake pale mbele: kwenye bampa, kwenye vioo vya pembeni, na juu kabisa kwenye paji la gari, pale palipo na kitanda, ambapo mkono haufiki bila ngazi. Siku hiyo ndiyo tuliyofungua chupa niliyokuwa nimeinunua kwa shingo upande.

Ni sabuni ya maji ya kuoshea gari bila kusuuza. Chupa ya nusu lita, iliyouzwa pamoja na vitambaa 3 vya maikrofaiba na brashi yenye mpini unaorefuka. Nimesafiri nayo siku 38 na zaidi ya kilomita 6,000, kwenye lami, vumbi, mvua na siku nne za ufukweni, kwa hiyo ninachoandika hapa hakijatoka kwenye karatasi ya chupa.

Kwanza niseme kwa nini niliinunua. Tangi letu la maji safi linabeba lita 100, na hizo ndizo tunazonywa, tunazopikia na tunazoogea. Mpira wa bustani ukiachwa wazi unaweza kumwaga lita 10 kwa dakika au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Kambi nyingi tulizolala zilikuwa na kibao cha kukataza kuosha magari, na siwalaumu, maana mtaro wa maji ya mvua mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa popote. Mashine za kuoshea magari zile unazoingia na kutokea upande wa pili hazitufai: gari lina urefu wa mita 3 kwenda juu, na juu yake kuna antena, matundu ya hewa, paneli za jua na turubai la kivuli lililokunjwa ubavuni. Brashi moja ikishika hilo turubai, safari imekwisha.

Matumizi ni rahisi. Mililita 30 kwenye maji lita 8 hivi, basi. Haitoi povu, na hilo lilinitia shaka sana, kwa kuwa mimi ni wa kizazi kinachoamini kwamba sabuni isiyo na povu imeghushiwa. Lakini chovya vidole ndani ya ndoo utahisi utelezi. Kazi yake ni kuilainisha chembe ya vumbi na kuizungushia utando ili iteleze juu ya rangi badala ya kuikwaruza, kisha kitambaa kiibebe. Unyevu unaobaki unaufuta kwa taulo kavu. Hakuna maji ya pili.

Ila utaratibu ndio kila kitu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wiki ya kwanza tulikosea. Sisi tulichovya kitambaa, tukafuta, tukakirudisha ndooni, tukafuta tena. Kufikia nusu ya ubavu tulikuwa tunalipaka gari mchanga wake wenyewe. Sasa tunafanya hivi: vitambaa 10 vinaloweshwa vyote ndooni mara moja. Kila kimoja kinakunjwa mara mbili, kinatoa nyuso 8. Uso mmoja unafuta kipande cha ukubwa wa mlango mdogo, kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kuzungusha mkono na bila kukandamiza. Uso ukichafuka, unageuza. Nyuso zikiisha, kitambaa kinaenda kwenye mfuko wa nguo chafu na hakirudi tena ndooni. Kabla ya kugusa, tunapulizia maji hayohayo ya sabuni kwa bomba dogo la kupulizia linalojazwa upepo kwa mkono, tunasubiri dakika moja au mbili. Tena kivulini, bodi likiwa limepoa. Tulipojaribu saa sita mchana, maji yalikauka kabla ya taulo kufika, yakaacha madoa meupe ya chokaa ambayo yalinichukua jioni nzima kuyafuta kwa siki iliyochanganywa na maji.

Kwa vumbi la kawaida, sabuni hii ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Kuta za gari letu ni za faiba nyeupe, na weupe hausitiri kitu. Baada ya siku mbili za barabara ya vumbi, ubavu mzima ulioshwa kwa ndoo moja na ukabaki laini kama sahani. Madirisha pia, na hili si jambo dogo, kwa sababu madirisha ya sehemu ya kuishi si ya kioo bali ya plastiki ya akriliki, ambayo hukwaruzika hata ukiifuta vumbi kavu kwa leso. Kwenye kuta tunaanza nayo, vitambaa vikiwa bado vipya.

Kwa vidudu, sabuni peke yake haitoshi. Kitambaa kilipita juu yao kama hakikuwaona. Kilichofaulu ni taulo kuukuu: liloweshe katika maji yaleyale, litandaze juu ya bampa na paji, lisubiri dakika 15, likianza kukauka lirushie maji tena. Ukiliondoa, mabaki mengi yanatoka nalo. Muhimu ni kufanya hivyo siku ileile. Majimaji ya wadudu na kinyesi cha ndege yakiokwa na jua huila rangi, na baada ya hapo unachofuta ni kivuli cha mdudu, mdudu mwenyewe alishaingia ndani. Mume wangu alizoea kusema tutaosha Jumamosi. Sasa akizima injini jioni, kitu cha kwanza ni taulo.

Michirizi myeusi inayoshuka kutoka ukingo wa paa ilinisumbua kuliko vyote. Ile mipya inatoka vizuri. Ile ya mwaka jana haikusogea hata kidogo, ikabidi kutafuta dawa yake maalumu. Lakini kosa lilikuwa letu pia. Tulikuwa tunaosha kuta na kuacha paa, kwa vile paa halionekani. Umande wa asubuhi ya kwanza ukalisuuza paa kwa niaba yetu, na uchafu wote ukashuka ukutani. Paa kwanza, jamani. Letu ni la mpira, hivyo hatulipandi. Tunasimama kwenye ngazi pande zote nne na kulifikia kwa mpini. Sabuni hii haikulidhuru. Mnaotumia dawa za kuondolea grisi zenye asili ya petroli kwenye paa la namna hii, acheni, mpira huvimba na kuachia gundi. Mkiwa huko juu fanyeni na paneli za jua, ila alfajiri, kabla kioo chake hakijapata moto.

Sasa tope. Siku ya 12 tulinyeshewa kwenye barabara isiyo na lami, tukatoka na matope hadi usawa wa kitasa. Nilijiona fundi, nikachanganya ndoo, nikapulizia mara mbili, nikaanza kufuta sehemu ya chini ya mlango. Nikasikia sauti, krrr, kama mtu anayesugua sufuria. Mume wangu akasema simama. Nilikuwa nimechelewa: mikwaruzo ile iko palepale hadi leo, ukisimama na jua mgongoni unaihesabu. Maandishi ya chupa yanasema bidhaa inafaa kwa uchafu wa kila aina, na hapo ndipo ninapoikatia nyota. Haifai. Tope ni mchanga na changarawe, na vitu hivyo vinataka maji yanayotiririka yavishushe kabla kitambaa hakijafika. Tulilipia nafasi mahali pa kuoshea malori, pale unaposhika mwenyewe bomba la presha. Hata hapo kuna adabu zake: simama mbali, usielekeze maji kwenye mipira ya madirisha, kwenye matundu ya friji wala kwenye kingo za stika. Maji yakipenya nyuma ya ukuta wenye fremu ya mbao, mbao huoza kimyakimya na huna habari.

Chumvi ya bahari ni hivyohivyo. Kuta zilisafishika kwa ndoo, lakini chumvi inayokula gari iko chini, kwenye chesisi na mabomba ya breki, na huko hakuna kitambaa kitakachofika. Tulirudi kwa malori.

Kuna pia kisa cha spiriti. Sabuni haihusiki, lakini nakiweka hapa kwa sababu kinaweza kumtokea yeyote. Tulilala chini ya mti, tukaamka na matone ya utomvu. Sabuni haikuyaweza. Mume wangu akatia spiriti kwenye kitambaa, akagusa tone lililokuwa kwenye rangi, likatoka mara moja, akasuuza na kukausha. Vizuri. Kisha, kwa furaha ya ushindi, akahamia kwenye dirisha. Spiriti na akriliki havipatani kabisa. Ndani ya muda mfupi zilijitokeza nyufa ndogondogo, nyembamba kama nyuzi za buibui, ndani ya dirisha lenyewe, na hakuna polishi inayozirudisha. Utomvu wa dirishani unataka maji ya sabuni ya vuguvugu, ncha ya kidole na subira. Naye sasa analijua hilo vizuri sana.

Brashi iliyokuja na chupa: msiitie maanani. Mpini ukirefushwa wote unapinda kama ufito wa kuvulia wenye samaki mkubwa, nywele zake zinakamata mchanga na kuutunza kwa ajili ya ukuta unaofuata, na maji machafu yanashuka ndani ya mpini hadi kwapani. Nilikishikiza kichwa cha maikrofaiba kwenye mpini uleule na mambo yakawa afadhali. Vile vitambaa 3 ni vizuri, ila vina lebo ngumu iliyoshonwa pembeni. Ikate kabla hujaanza. Na ukivifua usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na kitambaa kinakoma kunyonya.

Wauzaji wanadai pia kwamba sabuni inaacha kinga juu ya rangi. Siwezi kusema ndiyo wala hapana kwa haki, kwa sababu kabla ya kuondoka tulipaka nta gari zima, isipokuwa ukingo wa juu wa paji ambako mkono wangu ulichoka. Palipo na nta, vidudu viliteleza. Kwenye ule ukingo viling'ang'ania hadi safari ikaisha. Kwa hiyo sifa naipa nta. Ninachoweza kusema ni kwamba sabuni haikuiondoa, tofauti na ile ya kuoshea vyombo tuliyokuwa tukiitumia safari zilizopita, ambayo ilikuwa ikichuna nta yote kisha tukashangaa mbona faiba inageuka unga mweupe kwenye vidole.

Hesabu: ndoo 11 kwa siku 38, yaani lita 88, hata tangi moja halikuisha. Sabuni iliyotumika ni mililita 330, imebaki theluthi moja. Kuosha gari zima watu wawili hutuchukua saa moja na nusu. Uso wa gari peke yake wakati wa jioni, dakika 10 ukiacha zile za kusubiri taulo. Usumbufu mkubwa ni vitambaa vichafu, maana vinajaza mfuko haraka na lazima ufue kila baada ya kuosha mara mbili.

Nyota 4 kwa sabuni, na ya tano nitaitoa siku watakayoandika neno "tope" kwenye orodha ya yasiyofaa. Chupa nyingine nitanunua, safari hii peke yake bila seti. Brashi bado tunayo. Mume wangu anafagilia mkeka wa mlangoni. Pazia la lile dirisha lenye nyufa tunaliacha limefungwa.