Ushauri nasaha Mwanjelwa: nilimpeleka mwanangu, nikabaki mimi

Jamani nimeshaenda mara tano kwenye kile chumba cha ushauri nasaha Mwanjelwa, juu ya duka la dawa, na naandika kwasababu watu wa Mbeya bado tunadhani hizi huduma ni za vichaa. Nilimpeleka kijana wangu wa miaka 14, haongei tangu baba yake aondoke. Kabla ya hapo tulienda sehemu nyingine, nikapigwa hotuba nusu saa nzima, mama vumilia, mama usimdekeze, nikatoka kichwa kizito kuliko nilivyoingia.

Huyu dada mshauri wa Mwanjelwa hana hotuba. Mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani, akasogeza kiti karibu akasubiri. Siku ya pili naaga, nimeshika kitasa, nikajikuta nauliza hivi na watu wazima mnawapokea? Akasema rudi ukae mama. Nilipomaliza kulia ndo akanisimulia Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani aliyezaliwa 1902. Kumbe mama mmoja kule Rochester, New York, alimuuliza swali hilohilo! Rogers alihangaika na mtoto wa huyo mama, akajitahidi kumwonyesha mama kosa lake liko wapi, ikashindikana, wakakubaliana waache, yule mama kufika mlangoni akageuka, akakaa akamwaga ya ndoa yake yote. Hapo Rogers akaona mwenye maumivu ndiye anayejua panapouma, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndo maana hata neno mgonjwa aliliacha, kwenye kitabu chake cha 1942 anasema mteja, na huyu dada naye anatuita hivyohivyo.

Kilichonishika zaidi ni viazi. Rogers chuoni Wisconsin alianza na kilimo, na utotoni aliona viazi vya akiba kwenye chumba cha chini vikichipua miche myeupe, dhaifu, inajikokota kufuata kidirisha cha juu. Akasema binadamu naye yuko hivyo hata alelewe gizani. Mi nauza mbegu ya viazi Uyole, hiyo miche naivunja kila msimu bila kuwaza kitu, siku hiyo nilirudi ghalani nikaiangalia muda mrefu nikamuwaza mwanangu.

Kasoro zipo, ukuta mwembamba, wa chumba cha pili unamsikia, na mshauri ni mmoja tu kwahiyo foleni. Elfu ishirini kwa saa, unaweza kulipa kwa simu. Kijana bado si muongeaji ila Alhamisi ananikumbusha mwenyewe, mama twende. Beba sweta, asubuhi mle ndani baridi kali.