Vijisindano kwa makovu ya chunusi: uzoefu wangu kwenye ngozi nyeusi

Makovu yangu yako mashavuni, mengi ni mabonde mapana yanayojitokeza mwanga ukija kwa upande. Kwa makovu ya aina hiyo, na kwa ngozi nyeusi, tiba ninayoiamini zaidi ni kuchomwa vijisindano kliniki kwa kalamu ya umeme, yenye sindano fupi nyingi zinazotoboa ngozi ili ijijenge upya. Nasisitiza aina, maana wengi hulipia tiba isiyolingana na kovu walilonalo.

Jipime hivi: simama ubavu wa dirisha, vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Bonde likipotea, vijisindano vitakufaa. Likibaki tundu jembamba kama la pini, havifiki chini yake. Hapo daktari wa ngozi hugusisha asidi ya TCA kali ndani ya tundu lenyewe tu, kwa ncha ya kijiti. Usijaribu hiyo nyumbani, inaunguza. Bonde lililovutwa chini na nyuzi za kovu zilizo chini ya ngozi, lazima nyuzi hizo zikatwe kwanza kwa sindano. Na kama uso ni sawa ukiupapasa ila rangi imekoza, hayo ni madoa, si makovu. Losheni ya kukinga jua, na adapalini (dawa ya chunusi ya kupaka) usiku, hufanya kazi kwa miezi kadhaa, na bei yake ni ndogo zaidi.

Chunusi ziishe kwanza. Kupitisha sindano juu ya chunusi yenye usaha ni kusambaza vijidudu. Adapalini au tretinoini, dawa ya jamii yake, iache siku chache kabla, na kama huwa unatoka malengelenge ya midomo mwambie daktari akupe dawa ya kuzuia. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, azungumze na daktari kabla ya kulipa chochote.

Krimu ya ganzi hukaa kama dakika 30 hadi 60, kisha hufutwa yote. Mashavuni sindano huenda milimita 1.5 hadi 2; kwenye paji la uso, ambako mfupa uko karibu, ni fupi zaidi. Kalamu hupitishwa wima, mlalo na mshazari mpaka vitokee vidoti vidogo vya damu. Damu ikianza kutiririka, mkono ni mzito mno, na kwenye ngozi yetu uzito huo hulipwa kwa weusi wa miezi. Ncha ya kalamu yenye sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako.

Siku ya kwanza ni maji safi na krimu isiyo na manukato, basi. Seramu ya vitamini C isipakwe siku hiyo: matundu yako wazi, inaingia ndani na inaweza kuzusha vinundu. Epuka jasho na vipodozi kwa siku mbili tatu. Ngozi itakauka na kubanduka. Iache ibanduke yenyewe. Losheni ya jua iwe SPF 30 au zaidi, na napendelea yenye rangi ya kahawia: oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoza madoa, wala haiachi weupe usoni. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Asiyeweza kujikinga na jua, afadhali asianze.

Dermarola za dukani, vile vigurudumu vya sindano vya kujisukumia mwenyewe usoni, sizipendekezi. Zenye sindano fupi hazifiki kwenye tabaka linalotengeneza kolajeni, protini inayojaza na kuimarisha ngozi, na zenye ndefu huingia kwa mshazari zikichana ngozi, huku zikipoteza makali haraka.

Vikao vya kawaida ni 3 hadi 6, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Uvimbe wa siku za mwanzo hujaza mabonde ukadhani yamepona. Kolajeni huchukua miezi. Linganisha picha za miezi mitatu baada ya kikao cha mwisho, mwanga uleule, upande uleule. Tarajia mabonde kupungua kina, si kufutika.

Leza inayochoma huweza kutoa matokeo makubwa zaidi, lakini joto lake huongeza hatari ya weusi kwetu. Nisingeikubali kwa mtu asiyeweza kunionyesha picha za wateja wenye rangi yangu.